COBOL: Lugha Iliyochimbiwa Kaburi Ingali Hai

Ni ada ya wanadamu kumtangazia mtu tanzia naye yungali yu hai. Lakini ni nadra kusikia lugha iliyonunuliwa jiwe la kaburi hata kabla haijatambaa. Hayo ndiyo yaliyoifika COBOL, lugha ya kuamrishia kompyuta, ambayo jina lake kwa wenyewe Wamarekani lina maana ya lugha ya pamoja ya mambo ya biashara. Karibu na mwaka 1960, mmoja wa watengenezaji wake, Howard Bromberg, alichoshwa na kamati zisizokwisha, akenda akanunua jiwe la kaburi la marumaru lililochongwa jina COBOL, akampelekea mkubwa mmoja wa shughuli hiyo, Charles Phillips, huko Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Jiwe hilo leo limo katika jumba la makumbusho ya historia ya kompyuta, Mountain View, California. Lugha yenyewe haimo makumbushoni. Imo kazini.

Nimeona niizungumze katika ukurasa huu wa utamaduni, wala si katika kurasa za biashara, kwa kuwa swali linaloulizwa juu yake ni lile lile tuliulizalo sisi juu ya vyuo vyetu vya kale: kitu kikizeeka, na wanaokijua wakapungua, kifanyweje? Kiachwe, kihamishwe, au kirithishwe? Wala si swali la kupitisha wakati barazani. Ndani ya lugha hii mmo mishahara ya watu, pensheni za wazee na fedha za wajane. Wako watu wa mwambao wetu waliofanya kazi Marekani miaka na miaka, wakikatwa mishahara yao kwa ajili ya malipo ya uzeeni. Hesabu zao ziko kwa idara ya Social Security ya nchi hiyo, idara ambayo kwa muda mrefu imetegemea mamilioni ya mistari ya COBOL.

KUZALIWA KWAKE

Katika miaka ya 1950 kila kampuni iliyotengeneza kompyuta ilikuwa na lugha yake. Mwenye mashine ya kampuni hii akitaka kununua ya kampuni ile, hakuwa na budi kuandika kazi zake zote upya, kama mtu ahamaye nyumba akalazimishwa kununua na nguo mpya. Mary Hawes, wa kampuni ya Burroughs, ndiye aliyetoa rai mwaka 1959 kwamba iundwe lugha moja itakayofahamika na mashine zote. Mwezi wa Mei mwaka huo wakuu wa serikali, wa makampuni na wa mashirika yaliyotumia kompyuta wakakutana Pentagon, na kazi ikaanza.

Msingi wake mkubwa ulichukuliwa katika lugha nyingine iliyoitwa FLOW-MATIC, kazi ya Grace Hopper, mwanamke aliyekuwa mwanahesabu na ofisa wa jeshi la majini. Hopper alishika jambo moja ambalo wengi wa zama zake hawakuliamini: kwamba mashine yaweza kuamrishwa kwa maneno yasemwayo na watu, si kwa alama za wanahesabu peke yake. Jean Sammet na wenziwe wachache wakakaa katika kamati ndogo wakaiunda. Ilipofika Desemba 1960, programu moja ya COBOL iliendeshwa katika mashine mbili za makampuni mawili yaliyoshindana, RCA na Univac, nayo ikafanya kazi kote kuwili. Leo jambo hilo laonekana dogo. Siku hiyo lilikuwa kama mtu mmoja kusema neno moja likafahamika Mombasa na Moroni bila mkalimani.

Programu ya COBOL imepangwa kwa milango minne kama kitabu: mlango wa kujitambulisha, mlango wa kueleza mashine itakayotumika, mlango wa vitu vitakavyohesabiwa, na mlango wa kazi yenyewe. Na maagizo yake ni sentensi. Mtu huandika, kwa Kiingereza, maneno yenye maana ya "zidisha saa kwa malipo ya saa upate mshahara", na mashine hufanya hivyo. Maneno ni mengi, hilo si siri. Lakini karani asiyejua kompyuta aweza kuyatazama akapata fununu ya yanayofanyika.

KATIBU WA DENI

Kwa nini basi lugha ya mwaka 1959 haijang'oka? Wengi hujibu kuwa ni uvivu wa mabenki. Uvivu upo, sikatai, ila iko na sababu ya kielimu.

Kompyuta kwa maumbile yake huhesabu kwa mbili: sifuri na moja. Sisi twahesabu kwa kumi. Sasa chukua sehemu moja ya kumi, yaani senti kumi katika shilingi. Kwetu sisi ni tarakimu moja baada ya nukta, imekwisha. Katika hesabu ya mbili, sehemu hiyo haimaliziki kuandikwa, kama sisi tusivyoweza kuimaliza thuluthi kwa desimali: tatu, tatu, tatu, bila kikomo. Lugha nyingi zilizotungwa kwa ajili ya wanasayansi huikata sehemu hiyo mahali fulani zikaridhika na makisio. Kwa mwenye kupima mwendo wa nyota, chembe iliyopotea si kitu. Kwa benki ipitishayo mamilioni ya hesabu kila usiku, chembe zikikusanyika huwa ni mali ya mtu.

COBOL tangu utotoni mwake ilikusudiwa kushika fedha kwa hesabu ya kumi. Mwandishi hutaja wazi kuwa nafasi hii ina tarakimu saba kabla ya nukta na mbili baada yake, na mashine huzishika kama alivyotaja. Lugha nyingine zaweza kufanya vivyo hivyo, lakini aghalabu yapasa mtu akumbuke kuomba. Katika COBOL hiyo ndiyo desturi ya nyumba.

Msomaji aliyesoma mirathi amekwisha kunifahamu. Mwenye kugawa thumni ya mjane na sudusi ya mama hawezi kusema "takriban". Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Suratul Baqara, ni ile ya kuandikiana deni, na humo mwandishi ametakiwa uadilifu. COBOL ni katibu wa aina hiyo. Hana ufasaha wala madaha, lakini ameumbwa kwa ajili ya daftari.

DHARAU NA MATUNDA YAKE

Wanazuoni wa kompyuta hawakumpenda katibu huyu. Mholanzi mashuhuri, Edsger Dijkstra, aliandika mwaka 1975 kwa ukali kwamba COBOL hulemaza akili, na kwamba kuifundisha ingefaa kuhesabiwa ni jinai. Haikuwa dharau tupu. Programu nyingi za zamani ziliandikwa ovyo, maagizo yakirukaruka kutoka ukurasa huu hadi ule, hata mtu akazifuata akapotea. Lakini matokeo ya dharau yalikuwa makubwa kuliko kosa. Vyuo vikuu vingi viliacha kuifundisha, vijana wakaona haya kuijua, na wakati huo huo mabenki, makampuni ya bima na serikali zikaendelea kuitumia kila uchao. Nyumba ikawa yakaliwa na watu wote, na hakuna anayejifunza uashi wake.

Onyo la kwanza lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika zama za kadi za kutoboa zilizokuwa na nafasi 80 tu, waandishi walibana nafasi kwa kuandika mwaka kwa tarakimu mbili: 59 badala ya 1959. Hawakudhani kazi zao zingeishi miaka 40. Mwaka 2000 ulipokaribia, ikabidi mashine zifunzwe kuwa 00 si mwaka 1900. Wastaafu wakaitwa warudi, fedha nyingi mno zikatumika, na usiku ule ukapita kwa salama. Watu wakacheka, wakasema hofu ilikuwa ya bure. Wamesahau kuwa maji hayakuingia jahazini kwa sababu kalafati alikesha.

Onyo la pili lilikuja Aprili 2020. Maradhi ya korona yamefunga kazi, na mamilioni ya Wamarekani wanaomba msaada wa wasio na ajira kwa wakati mmoja. Phil Murphy, aliyekuwa gavana wa New Jersey wakati huo, alisimama mbele ya watu akaomba wajitolee wenye kuijua COBOL, kwani mitambo ya jimbo lake ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Fikiri hali ya mwenye watoto, kodi ya nyumba yadai, fedha zake ni haki yake kisheria, nazo zimekwama kwa kuwa hapana mtu wa kufungua daftari.

Mwanahistoria Mar Hicks aliandika mwaka huo huo kuwa lawama ilitupiwa kikongwe kwa udhalimu. Sehemu kubwa ya mkwamo, alieleza, ilikuwa katika tovuti mpya za kupokelea maombi, ambazo hata si za COBOL. Nami nayaona maneno yake kuwa na uzito. Lugha haikuwa imesahau kazi yake. Serikali ndizo zilizokuwa zimeacha kuajiri watu wa kuitunza, na mzee wa nyumba ndiye aliyekuwa mwepesi wa kusingiziwa.

NJIA TATU

Leo COBOL ni nyingi kiasi gani? Shirika la habari la Reuters lilitaja mwaka 2017 mistari bilioni 220 iliyo kazini. Uchunguzi wa kampuni ya Micro Focus mwaka 2022 ulitaja karibu bilioni 800, ingawa yafaa tukumbuke kuwa kampuni hiyo yenyewe ilikuwa ikiuza vyombo vya COBOL. Kupishana kwa hesabu hizi mbili kwanieleza zaidi kuliko hesabu zenyewe: hawa ni watu wasiojua idadi ya nguzo za nyumba wanayolala.

Njia ya kwanza mbele yao ni kuiacha ilivyo. Haina gharama leo, ila kila mwaka mjuzi mmoja hustaafu na mwingine huzikwa.

Njia ya pili ni kuhama. Commonwealth Bank ya Australia ilihama. Ilichukua takriban miaka mitano, na gharama zikapita dola bilioni moja za nchi hiyo. Ilifaulu, kwa kuwa ilikubali kulipa fedha na kulipa wakati. Kwa upande wa pili, msomaji atazame yaliyoipata benki ya TSB ya Uingereza mwezi wa Aprili 2018. Siutoi mfano huu kwa ajili ya COBOL, nautoa kwa ajili ya safari. Benki ilihamisha hesabu za wateja wake kwa mara moja kwenda mtambo mpya, na watu wanaofikia milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 benki hiyo ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65. Wenye kuendesha vyombo baharini wajua kwamba kumhamisha abiria katikati ya maji si sawa na kumhamisha gatini.

Njia ya tatu ndiyo inayosifiwa sana siku hizi: akili unde. Agosti 2023 kampuni ya IBM, iuzayo kompyuta kubwa ambamo COBOL nyingi imo, ilitangaza chombo cha kuisoma lugha hii na kuifasiri kwa Java. Tangu hapo wengi wamefuata, na hamu imepanda. Machi 2025 jarida la Wired liliripoti mpango wa kuihamisha mitambo ya Social Security kutoka COBOL kwa muda wa miezi tu, kazi ambayo idara yenyewe mwaka 2017 ilikuwa imeikadiria miaka kama mitano.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anipe sikio.

MASHAIRI YA MUYAKA

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu. Lau zingeachwa hivyo, zingekwenda na watu hao. Aliyezikoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, ambaye alizikusanya na kumwandikia Mwingereza W. E. Taylor. Hazikuandikwa tungo peke yake: yaliandikwa na maelezo, neno hili maana yake nini, na ubeti huu ulitungwa kwa tukio gani, Mazrui wakipambana na Sayyid Said au jirani akimtania jirani. Ndiyo sababu William Hichens alipozitoa kitabuni mwaka 1940, kilikuwapo cha kutoa.

Mtu akipewa leo maneno ya Muyaka bila maelezo yale, hata akawa na kamusi mia, atapata maneno na kukosa shairi. Programu ya miaka 50 ina hali hiyo hiyo. Tuseme, kwa mfano, ndani yake uko mstari unaosema kuwa mjane mwenye sifa fulani asikatwe kiasi fulani. Chombo cha akili unde chaweza kuufasiri sawasawa. Lakini je, mstari huo ni sheria ingali na nguvu? Ni sheria iliyofutwa ikasahauliwa kuondolewa? Au ni kosa la karani la mwaka 1974 ambalo watu wameshalizoea hata likawa ndio utaratibu? Hayo hayamo katika mstari. Yamo katika kichwa cha mzee aliyekuwapo siku ulipoandikwa, na mzee huyo ana miaka sabini na kitu.

Sisi tuliosoma vyuoni hatukuambiwa tuchukue kitabu tukakisome peke yetu kichochoroni. Tulikisoma mbele ya mwalimu, naye alikisoma mbele ya mwalimu wake, mnyororo ukipanda juu. Watu huona kuwa hiyo ni heshima ya kidini tu. La. Ni hekima ya kila elimu iliyo na uzito: maandishi huhifadhi maneno, na mwalimu huhifadhi makusudio.

Kwa hiyo mimi siikatai akili unde. Itumike kuwafasiria vijana na kuwapunguzia mwaka mzima wa kupapasa gizani. Lakini itumike wazee wakiwa hai, wakae pamoja nayo, waulizwe, wajibu, na majibu yao yaandikwe. Wakishakwenda, chombo hicho kitakuwa kinafasiri kaburi.

JE, KIJANA WETU AJIFUNZE?

Kijana mwenye kusomea kompyuta aweza kuniuliza kama kuna riziki katika lugha ya babu. Jibu langu ni kuwa ipo, ila si ya kila mtu wala si ya kila mji. Waajiri wake wakubwa ni mabenki, bima na serikali za nchi zilizoanza kompyuta mapema. Kujifunza hakuhitaji mtaji mkubwa: GnuCOBOL hupatikana bure, na mradi uitwao Open Mainframe Project ulitoa masomo ya COBOL kwa umma mwaka 2020. Wala asidhani atajifunza kitu kilichokauka, kwa sababu sanifu ya kimataifa ya lugha hii ilitolewa upya mwaka 2023.

Lakini singemshauri aijue COBOL peke yake. Mwenye thamani ni yule anayejua lugha mbili, ya zamani na ya sasa, na juu ya hizo akajua mambo ya hesabu za benki au sheria za pensheni. Huyo ndiye daraja. Na asiicheke lugha ya wazee akidhani yake itabaki kijana. Python ilitolewa mwaka 1991 na Java mwaka 1995. Zote zimeshapita umri wa miaka 30. Watu wanaandika kwazo kila siku kwa haraka, bila maelezo, wakiamini kuwa mwingine atakuja kuandika upya. Ndivyo walivyoamini waliobana mwaka kwa tarakimu mbili.

Rai yangu basi ni hii. COBOL haitakufa kesho, wala haitarudi ujana. Kazi mpya chache zitaandikwa kwayo, na sehemu yake itahamishwa polepole na wenye subira. Iliyobaki, nayo ni nyingi, itaendelea kulipa mishahara usiku watu wakiwa wamelala. Mwaka 2059 itatimiza umri wa miaka 100, na sitaajabu, kwa walio hai wakati huo, ikiwa bado kuna benki inayoitegemea. La kuogopwa si kufa kwake. La kuogopwa ni kuwa itaendelea kuishi na kuamua haki za watu, ilhali hakuna hata mmoja awezaye kuiuliza kwa nini imeamua hivyo.

Fedha za mstaafu, za mjane na za aliyepoteza kazi ni amana, na amana haina udhuru wa kuwa daftari limeandikwa kwa lugha ya kizamani. Aliyeipokea ana mambo mawili ya kuchagua: afunze wa kulisoma daftari hilo, au alihamishe kwa utulivu wakati wajuzi wake wangali wapo. Kuliacha halina msomaji ni khiyana, na kulihamisha kwa papara bila kuliuliza ni khiyana pia. Wajuzi hao umri wao unahesabika, na siku ya kukaa nao ni hii. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.